Visima vya Baba, Gari la Baba

Somo: Mwanzo 26:12-22

Asubuhi hii tufungue Biblia zetu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kuanzia mstari wa 12 mpaka wa 22.

Habari hii tunaifahamu. Abrahamu alikuwa amechimba visima. Alipokufa, Wafilisti wakavifukia kwa udongo. Isaka akarudi kwenye visima vile, akavichimba tena, akaviita kwa majina yale yale ambayo baba yake alikuwa ameviita. Baada ya hapo akachimba na vingine vipya. Kwenye viwili kulitokea ugomvi, ndiyo maana akaviita Eseki na Sitna. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, maana Bwana alikuwa amewapa nafasi.

Wapendwa, tujiulize swali moja tu leo: baba na mama zetu wametuachia nini ambacho kimefukiwa na udongo? Nasi tunakifanyia nini?

Ili tueleweshane vizuri, tutawapa ushuhuda wa nyumba yetu. Wengine wenu hapa Uvira mliliona gari lenyewe, na wengine mlipandishwa ndani yake mkiwa watoto.

Marehemu baba yetu alikuwa mtumishi wa Mungu. Mwaka wa 1983 alipata Land Rover, ile ya aina ndefu inayoitwa 109, toleo la tatu. Matoleo hayo yalitengenezwa Uingereza tangu 1971 mpaka 1985. Gari lake lilikuwa limekwisha kutumika, alilinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kwa gari lile alibeba wahubiri mpaka Baraka na Fizi. Alibeba mama wajawazito usiku. Alibeba mabati ya makanisa, magunia ya mihogo, na hata majeneza. Hatukumbuki siku hata moja ambayo lilitembea tupu.

Mwezi wa kumi mwaka wa 1996 vita ilipoingia hapa kwetu, baba alifanya jambo moja usiku. Alifungua kofia ya motere, akatoa karbirateri na delko, akaondoka navyo gizani. Asubuhi gari lilikuwa haliwezi kuwaka. Watu wenye silaha walikuja mara tatu kulichukua, wakashindwa. Kwa hasira walichukua magurudumu na batri, wakaliacha juu ya matofali nyuma ya nyumba. Tangu siku ile halikutembea tena. Baba aliendelea na kazi ya Mungu kwa miguu na kwa baisikeli mpaka nguvu zilipomwishia. Alilala katika Bwana mwaka wa 2015.

Sisi tuko watoto wanne. Kaka yetu mkubwa anafanya biashara Bukavu. Dada yetu ni muuguzi. Mmoja wetu aliingia katika kazi ya Mungu. Mdogo wetu ni shofere wa kamio. Baada ya maziko, gari lile likawa mgogoro wetu. Kaka mkubwa alisema liuzwe kwa kilo kama vyuma vya zamani, kila mtu apate chake. Mdogo wetu alitaka alitengeneze libebe abiria, lilete pesa. Yule mchungaji alitaka lisimame karibu na kanisa, watu wapite waseme: huyu ni mtoto wa mzee fulani. Dada yetu alilia tu. Na mama alinyamaza.

Mwezi wa nane mwaka wa 2019 tulipanga ibada ya shukrani na ukumbusho wa baba. Mchungaji yule akashinda katika maneno. Tukachanga pesa, tukaita mpaka rangi. Gari likapakwa kijani kizuri kinachong'aa. Tukaazima magurudumu. Jirani wote walisifu. Siku ya ibada tukafunga kamba nyuma ya gari, kwenye chuma kile cha mwisho kinachoshika shasi, ili kamio ya mdogo wetu ilivute kinyumenyume mpaka uwanjani. Waimbaji walikuwa wamekwisha kujipanga. Kamio ikavuta. Tukasikia mlio kama mti unaovunjika. Kamba ilikwenda na chuma kile, gari likabaki pale pale, sehemu ya nyuma imeshuka chini.

Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia mwili. Lakini mbele ya wageni, mbele ya mama, tulirushiana maneno ambayo hatuwezi kuyarudia hapa redioni. Kaka mkubwa akarudi Bukavu siku ile ile. Noeli ikapita, hakuja. Tukawa watoto wanne wa mtumishi wa Mungu ambao hawapigiani simu. Na mmoja wao, kila Jumapili, alikuwa anasimama na Biblia mkononi kuwafundisha wengine habari za upendo.

Wapendwa, nyote mnakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka wa 2020. Mvua ilinyesha, mto Mulongwe ukaacha njia yake, ukapita katikati ya nyumba za watu. Tulipoteza ndugu. Asubuhi ile watu walikuwa wanabeba wagonjwa na wazee juu ya magodoro, wengine juu ya milango ya nyumba. Njia ilikuwa matope na mawe makubwa. Ndipo mama mmoja mzee wa kanisa letu, amelowa, amebeba mjukuu mgongoni, alipofika katika parseli yetu na kutuuliza:

"Wanangu, gari la mzee liko wapi? Angekuwa hai, sasa hivi angekwisha kulitoa."

Gari lilikuwa pale nyuma ya nyumba. Rangi yake bado mpya. Halikuweza kubeba hata mtoto mmoja. Hatukuwa na jibu.

Swali la mama yule lilituuma kuliko mahubiri mengi tuliyowahi kusikia. Dada yetu alimpigia simu kaka mkubwa, akalia naye kwenye simu. Wiki chache baadaye kaka akateremka kutoka Bukavu. Tukakaa wote wanne kwenye mkeka, mbele ya mama. Mchungaji ndiye aliyetangulia kuomba msamaha, maana yeye ndiye aliyetaka sifa. Kaka naye akasema: "Mimi nilitaka kuuza jasho la baba kwa kilo. Mnisamehe." Tukaomba pamoja, na tangu pale tukapata nguvu ya kuzungumza juu ya gari.

Tukamwita mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, ambaye zamani alikuwa anamtengenezea baba. Hakugusa motere. Hakusifu rangi. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akaanza kugonga shasi kidogo kidogo, kutoka mbele mpaka nyuma, huku akisikiliza. Halafu akatuita tulale chini na sisi.

"Sikilizeni, wanangu. Hapa inalia kama kengele. Hapa inalia kama ubao. Rangi yenu ni nzuri, lakini rangi haibebi mzigo."

Akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka wa 1948, muda mfupi baada ya vita kuu, wakati ambapo chuma kilikuwa adimu Uingereza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili wake waliitengeneza kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Lakini shasi, ile mifupa inayobeba kila kitu, ni chuma. Tena ni chuma chenye uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Maji na matope yanaingia, yanakaa mle, kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Unaweza kuona milango mizuri na bodi nzuri, kumbe mifupa imekwisha.

Mzee alipomaliza kusema, mama akasimama. Akasema: "Leteni jembe."

"Mama, jembe la nini?"

"Baba yenu aliniachia neno. Aliniambia: siku watakapokaa wote wanne bila kugombana, uwaonyeshe. Akija mmoja peke yake, usimwonyeshe."

Hapo tukatazamana kwa aibu. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kumwendea mama kwa siri, kwa wakati wake, kumuuliza kama baba hakuacha kitu chochote cha gari. Na kila mmoja alijibiwa: sijui.

Mama akatupeleka nyuma ya jiko, palipokuwa na mpera zamani. Mti ulikuwa umekatwa, kwa hiyo mahali pa kwanza tulichimba bure. Mahali pa pili jembe likagonga debe. Ndani mlikuwa na karbirateri na delko, vimepakwa grisi nzito, vimefungwa kwa mpira wa baisikeli na plastiki. Tulikuwa tumeamini miaka yote ile kwamba vilipotea wakati wa vita. Vilikuwa hatua ishirini kutoka mahali tulipokuwa tunagombana.

Ndugu zetu, Wafilisti waliweka udongo juu ya visima ili kuharibu. Baba yetu aliweka udongo juu ya urithi wetu ili kuutunza. Lakini kwetu sisi kazi ilikuwa ile ile ya Isaka: kuchimba. Tujifunze mambo matatu.

Jambo la kwanza: tuanzie chini, mahali watu hawaoni.

Sisi tulianzia rangi. Katika Mathayo sura ya 23, Bwana Yesu aliwakemea watu waliosafisha kikombe kwa nje huku ndani kukiwa kuchafu. Tulikuwa tumewahubiria watu sura hiyo, lakini hatukuiona nyuma ya nyumba yetu wenyewe. Fundi alikata vyuma vyote vilivyooza. Akaviondoa, hakuvifunika. Akashona kwa moto bamba jipya la milimeta 3, kipande kwa kipande, akingoja umeme urudi, au sisi tukitafuta esansi ya jenereta. Kazi ya shasi peke yake ilichukua miezi minne. Katika miezi ile jirani walipita wakaona gari limekuwa baya kuliko zamani. Wengine walicheka.

Mpendwa, ukiona Mungu anakata mahali fulani katika maisha yako, usikimbie. Labda umeimba vizuri, umevaa vizuri, una cheo kanisani. Lakini Roho Mtakatifu akija na nyundo yake kugonga, maisha yako yanalia namna gani? Mahali pa ndoa, yanalia kengele au ubao? Mahali pa sadaka za watu ulizozishika? Mahali pa msamaha? Mwambie Bwana akate kabla mzigo haujavuta.

Jambo la pili: tuchimbe pamoja.

Isaka alikutana na ugomvi kwenye kisima kimoja, akakutana na uadui kwenye kingine. Angeweza kubaki pale apigane mpaka leo. Hakufanya hivyo. Aliendelea mpaka akapata Rehobothi, mahali penye nafasi. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu, mzazi akifa, watoto wanakaa Eseki na Sitna miaka kumi. Parseli inagombaniwa, shamba linagombaniwa, hata sufuria za mama zinagombaniwa. Na kile ambacho mzazi alikuwa amekificha kwa ajili ya wote kinabaki ndani ya udongo.

Baba yetu hakuandika barua ndefu ya urithi. Aliweka sharti moja tu: wote wanne. Tunaamini Baba yetu wa mbinguni naye ana mambo ambayo hamwonyeshi mtu mmoja peke yake. Anangoja ndugu wakae pamoja. Kuna uamsho ambao kanisa letu halitaupata mpaka wazee na vijana wakae mkeka mmoja. Kuna amani ambayo mji wetu hautaipata mpaka kabila hili na kabila lile waache kumwendea Mama kwa siri, kila mtu akitaka chake.

Jambo la tatu: turudishe urithi kazini, na tujue cha kutunza na cha kutupa.

Motere ilikuwa imeshikana, kwa sababu ilikaa miaka karibu 24 bila kuzunguka. Fundi hakutumia nguvu. Alitoa bujii, akatia mazutu na mafuta ya motere katika tundu zote nne, akatuambia tungoje siku nane. Siku ya nane mdogo wetu alishika manivela, akazungusha polepole, na motere ikasogea. Dada yetu alipiga kigelegele. Lakini fundi hakutukubalia tuiwashe. Akasema: "Kwanza freni. Gari linalowaka bila freni ni hatari kuliko gari lililokufa." Tukabadilisha mipira yote ya freni katika magurudumu manne, na mabomba yake. Piesi nyingine ziliagizwa Nairobi, zikapitia Bujumbura. Kaka mkubwa ndiye aliyezilipia, yule yule aliyetaka kuuza kwa kilo.

Tuliambiwa na mtu mmoja: "Hiyo mipira ya freni ni ya baba yenu, kwa nini mnaitupa?" Hapana, wapendwa. Kumheshimu mzazi hakutaki tubaki na mpira uliooza mpaka uwaue watoto wetu. Tulitunza mwili wa gari, motere, usukani alioushika. Mpira uliooza tuliutupa. Hata katika nyumba zetu iko hivyo. Wazazi wetu walituachia maombi ya usiku kucha, ukarimu, kutembelea wajane. Hayo tuyachimbe tena, tuyaite kwa majina yale yale. Lakini kama walituachia chuki ya kabila fulani, au ukali wa kupiga wake, hiyo ni mipira iliyooza. Tuitupe leo, bila kumdharau aliyetuachia.

Jambo moja la baba tulilitunza kwa uangalifu. Katika gari lile kuna kishikio kidogo chenye kichwa cha njano. Ukikisukuma chini, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta, yote manne yanafanya kazi. Baba alikuwa anakisukuma kabla ya kuingia kwenye matope. Tulipokuwa watoto tulimuuliza kwa nini hangojei kwanza aone kama gari litakwama. Alituambia kwamba aliyekwama tayari anachimba kwa mikono. Wapendwa, wengi wetu tunakumbuka kufunga na kuomba tukiwa tumekwisha kuzama mpaka mlangoni. Tuombe kabla ya safari, kabla ya ndoa, kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi ya deni.

Gari liliwaka mwaka wa 2021. Mchungaji hakuliweka karibu na kanisa kama ukumbusho. Isaka hakuzungushia visima ua ili watu wavitazame. Watu walikunywa, mifugo ilikunywa. Sisi nasi tulikubaliana hivi: ufunguo unakaa kwa kila mtoto miezi mitatu, na ndani ya gari kuna daftari. Kila safari inaandikwa: nani alibebwa, alipelekwa wapi, nani alitia esansi. Mama ndiye anayekagua daftari. Bado linavuja mafuta kidogo, hatutawadanganya. Lakini linabeba.

Abiria wa kwanza alikuwa mama yule mzee aliyetuuliza swali siku ya mafuriko. Tulimpeleka kanisani. Tulifikiri atasema maneno makubwa. Alikaa mbele, akaweka Biblia yake magotini, akauliza tu: "Mlango huu unafungwa namna gani?" Tukamwonyesha. Akaufunga mwenyewe kwa nguvu, akasema: "Haya, twende. Tumechelewa."

Wapendwa, ni kweli, tumechelewa. Kuna wagonjwa, kuna wajane, kuna vijana wanaozama katika pombe, na urithi wetu wa imani umekaa nyuma ya nyumba umepakwa rangi. Wewe unayesikiliza, kuna ndugu ambaye hujampigia simu tangu maziko ya baba yenu. Leo, kabla ya jua kutua, mpigie. Wewe uliyeacha maombi ambayo mama yako alikufundisha, leo usiku shika jembe, chimba tena. Maji bado yako chini.

Tuombe. Ee Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa wazazi waliotuzaa na waliotulea katika imani. Gonga mifupa ya maisha yetu, utuonyeshe palipooza, ukate, ushone upya. Utukalishe pamoja sisi tuliotengana. Utufundishe kutupa kilichooza na kutunza kilicho chema. Uturudishe kazini mwako, tubebe wengine kama tulivyobebwa sisi. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki nyote. Mpaka Jumapili ijayo, Mungu akipenda.